Kanga ya watoto: shajara ya kuchapa na kubandika, Tanga 2025

Hii ni shajara ya darasa la sanaa la Jumamosi: watoto 22 wa kati ya miaka minne na minane, uani kwenye nyumba moja ya Ngamiani, Tanga. Naiandika kwa ajili ya walimu wa awali na wazazi wanaotaka kufanya kazi hii kwao, kwa hiyo bei zimo na vilivyoshindikana vimo. Mambo ya kila wiki kama kunawa, kugawa karatasi na kufagia nayapita. Nimejiwekea lengo moja: ifikapo Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16, kila mtoto awe na kazi aliyoichapa kwa mkono wake mwenyewe, mtu mzima asiwe ameigusa.

1 Februari: manunuzi, na kiazi

Rangi za maji za chupa, nusu lita kila moja, nyeusi, bluu, nyekundu na njano, kwa 6,000 kila chupa. Rimu ya A4, 13,000. Manila nyeupe kumi kwa 700 moja. Kipande cha godoro kutoka kwa fundi makochi, 3,000. Jumla Sh 47,000. Vifuniko vya ndoo, magazeti na mashati makuukuu ya kuvaa juu ya nguo vimetoka majumbani.

Tumeanza na kiazi ulaya kwa sababu ndicho kila mtu anachokitaja ukimwambia habari za kuchapa na watoto. Hakikufaa. Kiazi kikishakatwa kinatoa maji, maji yanaingia kwenye rangi, na alama inatoka imepauka katikati. Kinateleza mkononi mwa mtoto wa miaka minne. Na rangi ikiwa kwenye sahani, kiazi kinazama humo, mikato yote inajaa, kwa hiyo nyota niliyoichonga kwa dakika kumi inatoka kama doa la mviringo.

Vilivyosaidia ni vitatu. Kwanza, kiazi kikatwe mapema, kifutwe na kilazwe uso chini juu ya gazeti nusu saa. Pili, rangi isikae kwenye sahani. Kipande cha godoro cha unene wa vidole viwili kinawekwa kwenye kifuniko cha ndoo, kinaloweshwa kwa maji na kukamuliwa, ndipo rangi inapakwa juu yake. Muhuri ukikandamizwa hapo unachukua rangi usoni tu, mikato inabaki safi. Tatu, chini ya karatasi yawekwe magazeti manne au matano. Meza ngumu inatoa alama yenye mapengo, lakini karatasi ikiwa na kitu laini chini yake inaufuata uso wa muhuri mpaka pembeni.

Watoto walikuwa wanagonga, tena kwa nguvu zote. Sasa tuna wimbo mfupi tunaouimba kila mara: weka, kandamiza, moja mbili tatu, inua. Kuhesabu kunatuliza mkono.

Rangi zote nne tuliziweka mezani kwa pamoja, na kabla ya saa kuisha kila sponji ilikuwa na rangi ya matope. Wiki ijayo ni bluu peke yake.

8 Februari: bibi, bamia na mgomba

Kabla hatujaanza, bibi wa mmoja wa watoto alikuja mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, ati mwawafundisha watoto kuchezea chakula?" Nimemwelewa. Kuna nyumba hapa ambako kiazi kinahesabiwa, na mtoto hawezi kuambiwa Ijumaa asibakize wali na Jumamosi apewe kiazi akitie rangi na kukitupa. Viazi na muhogo nimeviondoa moja kwa moja. Tunatumia vinavyotupwa tu.

Na vinavyotupwa vimekuwa bora kuliko kiazi. Bamia zilizokomaa mpaka zikawa na nyuzi hazipikiki, na akina mama wa sokoni wananipa bure. Ukikata bamia hiyo kwa kisu kikali, unapata ua lenye vyumba vitano, pengine zaidi, na kila chumba kina mbegu yake. Haitoi maji mengi. Kikonyo kinabaki kuwa mpini, na hata vidole vidogo kabisa vinaushika.

Mgomba ndio ulionishangaza. Kata shina la jani kwa upana: unaona mwezi mwandamo, na ndani yake vyumba vidogo vidogo vya hewa vilivyopangwa safu kwa safu. Ukichapwa kwa bluu kwenye karatasi nyeupe, kila kijichumba kinaonekana. Mtoto mmoja alikaa kimya akiuangalia, kisha akasema, "Mwalimu, kuna nyumba ndani ya mti."

Tahadhari: utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo. Shati la shule la mtoto mmoja limeharibika, na nimezungumza na mama yake. Kuanzia sasa vikonyo vinakatwa Ijumaa, vinalazwa kwenye ndoo ya maji usiku kucha na kufutwa asubuhi. Mashati ya juu yana mikono mirefu.

Nataka kuandika pia habari ya mtoto mwingine, wa miaka mitano, kwa sababu imenifunza namna ya kusimamia darasa hili. Alichapa bamia mahali pamoja, juu ya alama ileile, tena na tena, mpaka karatasi ikalowana na kutoboka. Msaidizi wangu alitaka kumpokonya ampe karatasi mpya na kumwonyesha namna ya kupanga. Nikamwomba asubiri. Mtoto akachungulia kwenye tundu, akainua karatasi, akaona alama imefika kwenye gazeti la chini. Akaomba karatasi nyingine mwenyewe. Humo akachapa bamia moja, akaiangalia, akachapa ya pili kando yake bila kugusa ya kwanza, akaendelea hivyo mpaka ukingoni. Safu ile ilikuwa imenyooka kuliko ambavyo ningeweza kumwelekeza. Kuchapa kunampa mtoto nafasi ya kurudia bila kukosea, na kurudia ndiko kunakomfanya aone. Mtu mzima akikatiza hapo, amekatiza somo lenyewe.

15 Februari: kuifanya rangi iwe nzito

Rangi ya chupa peke yake ni nyepesi mno kwa kuchapa, na inaisha haraka. Nimeipikia uji wa unga wa muhogo: kikombe kimoja cha unga, vikombe vinne vya maji, unakorogwa ukiwa baridi, unapikwa moto mdogo mpaka ung'ae, unapozwa. Kijiko kimoja cha rangi kwa viwili vya uji, na tone la sabuni ya maji ili itoke nguoni. Inakaa vizuri kwenye sponji, haichuruziki, na chupa moja inakwenda mara tatu ya mwanzo. Unga ni 2,000 kwa kilo. (Niliona mapema kwamba huu nao ni chakula. Nilimweleza bibi. Alisema wanga wa kutia kwenye nguo ameupika maisha yake yote, huo hauna neno.)

Uji ulichachuka siku ya tatu. Mafuta ya karafuu huzuia ukungu kwenye gundi za uji, kwa hiyo nikachemsha karafuu za 1,000 kwenye maji ya kupikia. Sasa unafika siku ya sita ukiwekwa mahali pa baridi. Bado, ukiweza, pika mpya kila wiki.

Wazazi wawili walipendekeza rangi za kutia kwenye ukili wa mikeka. Zinang'aa kweli, na bei yake ni ndogo. Sizitumii. Ni rangi kali, zinakaa kwenye ngozi siku nyingi, na mtoto wa miaka minne bado anaweka vidole mdomoni.

22 Februari: maboksi ya chipsi

Hatua ya pili: mtoto achonge muhuri wake mwenyewe. Wembe na kisu havimhusu, kwa hiyo tumetumia maboksi meupe mepesi ya kufungia chipsi. Penseli butu ikikandamizwa humo inaacha mfereji. Ukipaka rangi juu, mfereji unabaki mweupe.

Wiki iliyopita niliwaomba walete yaliyotumika. Yalikataa rangi. Hata ukiyafuta yakaonekana safi, mafuta ya chipsi yamebaki, na rangi ya maji inajikusanya matone matone juu yake. Maji ya moto na sabuni yaliondoa mafuta, lakini mengi yalipinda kwa joto, na boksi lililopinda halichapi katikati. Nimenunua mapya arobaini kwa 200: 8,000. Kila moja linatoa vibao viwili ukikata kingo.

Namna ya kupaka ina maana kubwa hapa. Ukisugua sponji, rangi inaingia kwenye mifereji na mchoro unapotea. Sponji iguswe juu juu, iinuliwe, iguswe tena. Karatasi ilazwe juu ya kibao (si kibao juu ya karatasi), halafu mtoto asugue kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda nje.

Wadogo walichora majua, samaki na mabasi. Wakubwa wa miaka saba na minane wakaandika majina yao, na yote yakatoka kinyume. Binti mmoja ambaye ndiyo kwanza amejua kuandika jina lake alitazama karatasi na machozi yakamjaa. Alidhani amesahau. Nikamletea kioo, tukasoma karatasi kwenye kioo, na jina likawa sawa. Kwa wakubwa dawa imepatikana: andika jina kwa kalamu nzito kwenye karatasi nyembamba, ligeuze, lilaze juu ya kibao, fuata mistari inayoonekana kwa nyuma. Kwa wadogo hiyo ni hatua nyingi mno. Herufi zao zinasubiri.

Mwisho wa kipindi tulijaribu kubandika: vipande vya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, maganda ya mayai, mchanga, kwa gundi ya uji wa ngano. Kazi zimelazwa kwenye rafu. Tunapumzika kwa mwezi wa Ramadhani.

5 Aprili: panya, ukungu na masika

Kazi zote za kubandika zimeharibika. Panya wamekula gundi, na karatasi pamoja nayo. Zilizosalimika zina ukungu wa kijivu chini ya vitambaa. Niliwaonyesha watoto kama zilivyo, nikawaeleza kilichotokea. Wawili walilia. Hawakustahili, na gundi ya unga haitatumika tena hapa kwa kazi ya kuhifadhi.

Gundi nyeupe ya mbao, kilo mbili, 16,000. Ukiichanganya na maji nusu kwa nusu inatosha kwa karatasi na kitambaa. Kwa mchanga na maganda ipakwe ilivyo. Kamba na vibanio, 6,000, na kila kazi inatundikwa, hakuna kulaza. Manila ishirini zaidi, 14,000, kwa sababu A4 ikipata gundi inajikunja na haikunjuki tena.

Masika yameanza, na chapa zenye uji mwingi hazikauki. Zilizorundikwa ziligandana. Kipimo kimebadilika: kijiko cha rangi kwa kijiko kimoja cha uji tu, na sponji ikamuliwe zaidi. Safu ya rangi ikiwa nyembamba inakauka kwenye kamba kabla watoto hawajarudi kwao, hata siku ya mawingu.

26 Aprili: kipi kwanza, chapa au gundi?

Tumejaribu njia zote mbili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi ilipoanza kupendeza.

Ukibandika kwanza halafu ukachapa juu yake, muhuri unakanyaga kwenye vipande vilivyoinuka na pembeni panabaki weupe. Ukichapa kwanza halafu ukabandika, mtoto anafunika chapa zake zote kwa vitambaa, maana vitambaa vinang'aa. Njia iliyokubali ni ya hatua tatu, kwa Jumamosi tatu: chapa kwa rangi moja, bandika vitu vichache, si zaidi ya ngumi moja kwa kila mtoto, chapa tena kwa rangi nyingine, safari hii mihuri midogo tu, ikipita pia juu ya kitambaa. Bamia nyeusi iliyochapwa nusu kwenye manila na nusu kwenye kitenge ndiyo inayounganisha kazi nzima. Watoto wameliona hili kabla yangu. Binti wa miaka sita alichapa makusudi kwenye ukingo wa kila kitambaa, "ili visitoke."

Katani nimeipata bila gharama. Mkonge uko pwani hii tangu Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipouleta mwaka 1893, na Tanga hukosi mtu mwenye kamba iliyofumuka. Nyuzi zake zimetufaa kwa njia mbili. Zikifungwa fungu zinakuwa brashi ngumu ya kupakia gundi, na haivunjiki. Zikibandikwa kwenye kipande cha boksi kwa mistari na duara, zinakuwa kibao cha kuchapia, na chapa inatoka ikionyesha kila unyuzi. Jaribio la kwanza lilishindwa kwa kuwa boksi lilinyonya rangi na kulainika. Tabaka moja la gundi nyeupe juu ya kila kitu, likauke usiku mzima, limeondoa tatizo. Kibao kimoja kimechapwa na darasa zima na bado ni kizima.

Nyuzi zikatwe fupi. Ndefu zinawazunguka vidole.

10 Mei: mikono ya wasaidizi

Nina wasaidizi wawili, wasichana wa kidato cha pili, wapole na wachapakazi. Leo nilitundika kazi zote pamoja, nikaona kazi za meza moja zinafanana: safu zilezile, nafasi zilezile, samaki yuleyule. Wasichana walikuwa wanashika mkono wa mtoto na kuuelekeza. Walitaka kazi ipendeze wazazi wakija. Ni upendo, lakini mtoto anabaki na karatasi isiyo yake, na anaijua. Niliwauliza watoto wa meza ile kazi ya nani ni ipi. Wengi hawakuweza kusema.

Tumekubaliana kanuni: msaidizi anashika karatasi isiteleze, hashiki mkono. Haulizi "hii ni nini?" Anaweza kusema anachokiona: "umechapa karibu karibu hapa, na hapa umeacha nafasi." Akiona kosa anahesabu kumi kimyakimya kwanza. Mara nyingi mtoto analitatua kabla ya kumi.

Kazi za leo zimepinda, zimejaa vidole vya rangi pembeni, na hakuna mbili zinazofanana. Nimefurahi sana.

17 Mei: kanga ukutani

Nimetundika kanga tatu ukutani, za kuazima kwa majirani. Watoto wa Tanga hawahitaji kufundishwa kanga. Nilipouliza, walinionyesha wenyewe pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Niliwaeleza kwamba kanga za mwanzo, katika karne ya 19, kulikuwa na zilizochapwa kwa mkono Zanzibar kwa vibao vya mbao, na kwamba majina yalipoanza kuandikwa yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za sasa. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo walikuwa wanafanya kama sisi?" Ndiyo.

Kijana mwingine alisogea mpaka pua ikagusa nguo, akauliza yale maandishi madogo ukingoni ni nini. Ilikuwa K.H.E., Mali ya Abdulla, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887. Nikamwambia ni alama ya mwenye kazi. Swali lake limetatua jambo lililokuwa linatusumbua tangu Februari: kazi zikiwa kwenye kamba hatujui ya nani ni ipi, wadogo hawaandiki majina, na mimi nikiandika kwa kalamu naharibu karatasi. Sasa kila mtoto ana alama yake, kipande cha lapa cha ukubwa wa kidole gumba kilichobandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya soda. Pembetatu, jicho, mistari miwili, kobe. Anaichapa pembeni akimaliza. Hakuna kazi iliyopotea tena, na kuna watoto ambao hawakubali kazi imekwisha mpaka alama imekaa.

Malapa yenyewe tumeyaokota ufukweni Raskazone maji yalipokupwa. Yaoshwe kwa maji baridi kuondoa chumvi na mchanga. Soli yake inakatika kwa wembe (mkononi mwa mtu mzima), inachukua rangi vizuri na hailowi.

Leo kila mtoto amechapa kanga yake ya karatasi kwenye manila: pindo kwa mihuri ya kurudia, mji kwa kibao cha boksi na vitambaa. Tumeamua kwamba kazi ya mwisho itakuwa doti moja ya kanga ya kweli, ya darasa zima.

31 Mei: herufi saba

Kanga bila jina haijakamilika, na jina ndilo lililokuwa kikwazo, kwa sababu ya ule ukinyume wa Februari. Nikiwakatia watoto herufi zilizogeuzwa, wadogo wanaojifunza kusoma wanashika herufi yenye sura mbaya mkononi. Sikutaka hilo.

Nikaorodhesha herufi ambazo kioo hakizibadilishi: A, H, I, M, O, T, U, V, W, X, Y. Muhuri wa herufi hizi ni sawa na chapa yake. Kisha nikakaa jioni kutafuta sentensi inayotoka humo peke yake, na ikapatikana: MTI HUTOA MAUA. Maneno matatu, herufi kumi na mbili, na mihuri inayohitajika ni saba tu: M, T, I, H, U, O, A. Watoto waliichukua mara moja. Hata wa miaka minne anashika A, anaona A, anachapa A.

Fundi viatu wa mtaani amezikata kutoka kwenye malapa, 500 kila moja, nakala mbili kwa kila herufi: 7,000. Gundi yake ya viatu, 2,500. Vibao vya nyuma ni mabaki ya seremala, bure.

Tukajaribu kwenye gazeti. Mtoto alishika M juu chini, na iliyotoka ni HUTOA WAUA. Wakubwa wanaojua kusoma walikaa kimya. Hilo si neno la kuacha kwenye kanga ya watoto. H, I na O hazina juu wala chini, lakini M, T, U na A zinazo. Nimepigilia msumari mfupi wenye kichwa kipana mgongoni mwa kila kibao, upande wa juu. Mtoto anagusa msumari kwa kidole gumba kabla ya kukandamiza. Hatujapata herufi iliyogeuka tangu hapo.

Merikani mita nne, 16,000. Rangi ya vitambaa chupa tatu ndogo, 27,000. Ndicho kitu ghali kuliko vyote katika mradi huu, na nilijaribu kukikwepa. Nilichapa kipande kwa rangi yetu ya uji na kukipiga pasi. Kilipooshwa kilirudi cheupe. Rangi ya vitambaa ilibaki baada ya kufuliwa mara mbili. Merikani ifuliwe kwanza kwa maji moto, la sivyo wanga wa kiwandani unazuia rangi kuingia.

14 Juni: doti

Nguo mbili, kila moja mita moja na nusu kwa takriban sentimita 110, zimetandikwa mkekani juu ya blanketi. Pindo lilichorwa kwa mstari wa penseli tu. Bamia hazikuweza kutumika, kwa sababu rangi ya vitambaa inazilainisha haraka, kwa hiyo pindo limechapwa kwa mihuri ya malapa ambayo watoto walichora na mimi nikakata. Mji umechapwa kwa kibao cha katani na kuzungushiwa vipande vya vitenge. Vipande nilivipachika kwa sindano jana yake, kwa kuwa gundi nyeupe inakakamaa kwenye nguo na kubanduka ikifuliwa. Mahali pa kila kipande palichaguliwa na mtoto.

Jambo moja lilitubana: rangi ya vitambaa inakauka kwenye muhuri ndani ya dakika chache, na ikishakauka, chapa inayofuata inatoka na magamba. Tuliweka beseni la maji na mswaki mkuukuu, na msaidizi mmoja kazi yake ikawa kuosha mihuri tu, mwanzo mpaka mwisho.

Jina lina herufi kumi na mbili kwa kila nguo, ishirini na nne kwa doti. Kila mtoto alichapa moja. Mbili zilizobaki zilichapwa na wadogo wawili waliokuwa bado hawajatosheka. Herufi moja ya O iko juu ya mstari, na T mojawapo ina alama ya kidole kando yake. Hakuna mtu mzima aliyezigusa.

Wazazi walikuja alasiri. Bibi yule naye alikuja. Aliisoma kanga kwa sauti, akageuka akauliza herufi ya mjukuu wake ni ipi. Mtoto akampeleka moja kwa moja mpaka kwenye ile O ya juu.

21 Juni: hesabu na vipimo

Tangu Februari: 47,000 za mwanzo, unga na karafuu 3,000, maboksi 8,000, gundi, kamba, vibanio na manila 36,000, fundi viatu na gundi yake 9,500, merikani na rangi ya vitambaa 43,000. Jumla Sh 146,500, yaani chini kidogo ya 6,700 kwa mtoto. Ukiacha kanga ya nguo na kubaki kwenye karatasi, unaondoa 43,000. Rangi nyeusi na bluu zimekwisha. Njano iko karibu nzima, nunua chupa ndogo.

Mwalimu mmoja wa awali kutoka Pangani ameomba vipimo vya herufi, navyo ni hivi. Kimo sentimita 6, upana wa mistari sentimita 1.5, maana ikiwa nyembamba zaidi lapa linapinda. Kibao cha nyuma sentimita 8 kwa 5, unene angalau 2 ili vidole visiguse rangi. M peke yake inataka upana wa 7. Gundi ya viatu ipakwe pande zote mbili, iachwe mpaka isinate ukiigusa, ndipo ubandike. Ikianza kutumika kabla ya siku moja kupita, inabanduka kwenye maji. Msumari uwe upande wa juu wa herufi, sentimita moja kutoka ukingoni, na ncha yake isitokeze upande wa pili.